Mombasa hadi Mambrui kwa baiskeli, kumpelekea hawe habari

Kabla hujachomoa baiskeli ya kakako nyuma ya mlango, wacha nikuambie kitu: angalia upepo kwanza. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, Pwani yetu hupata upepo wa kusi. Kuanzia Novemba hadi Machi ni zamu ya kaskazi. Manahodha wa majahazi waliishi kwa ratiba hiyo karne na karne, na wewe ukipanda baiskeli huna ujanja wa kuwazidi. Ukitaka kutoka Mombasa kwenda upande wa Malindi, nenda wakati wa kusi ukusukume mgongoni. Ukienda Januari utajua hujui.

Mimi nilienda Agosti, peke yangu, kutoka Kisauni hadi kijiji kimoja karibu na Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki. Ni kama kilomita 135.

Sikwenda kwa ajili ya mazoezi, wala picha za Instagram (ingawa nilipiga). Hawe wangu, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya, alikuwa ameanza kuwaambia majirani kwamba mwaka huu mjukuu wake anavaa joho. Joho gani? Chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili, karo iliponishinda. Mbuzi wake wawili ndio walilipa sehemu ya muhula wa kwanza. Mama anajua, hawe hakujua. Mwaka mmoja na nusu nilimpigia simu kila Jumapili, akiniuliza "masomo je?" namjibu "yanaendelea, hawe". Na usinihurumie, nauli ya matatu nilikuwa nayo. Ila kwa matatu unafika kabla hujajua utasema nini. Nilitaka siku nzima ya kupanga maneno.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya gia, na ndiyo inayonilisha. Kutwa nawapelekea watu wa mjini pilau na chipsi nayo. Siku hiyo boksi la chakula nililiacha nyumbani. Nilifunga kwenye keria mkoba mmoja tu: chupa mbili za maji, tubu moja ya akiba, viraka, solusheni, na leso mpya ya hawe.

Niliondoka saa kumi na nusu alfajiri. Hadi Mtwapa sina la kukusimulia, ni giza na malori. Shika kushoto, washa taa ya nyuma, na ukisikia honi ya basi nyuma yako usibishane nayo, shuka kwenye mchanga. Barabara hii haikujengwa kwa ajili yako.

Kulipambazuka nikiwa mbele ya Kikambala. Vipingo ndipo mji unapoisha kabisa. Mkonge umepandwa mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka, na hakuna kelele ila cheni yako inayolia kuomba mafuta. Hapo ndipo nilianza kufanya mazoezi ya hotuba kwa sauti. "Hawe, kuna jambo." Hapana. "Hawe, maisha ni..." Hapana! Mwanamke aliyekuwa amebeba kuni kichwani alinitazama, akahama upande wa pili wa barabara.

Saa tatu nilikuwa Mnarani, juu ya daraja la Kilifi. Kabla ya 1991 watu walivuka hapa kwa feri. Siku hizi wengi hupita kwa kasi ndani ya matatu wakitazama simu. Simama katikati. Mkono wa bahari umelala chini kabisa, maji ya buluu, mashua zimetulia. Nilisimama hadi jasho likakauka, kisha nikashuka mjini kula mahamri na mbaazi za nazi. Kula vizuri hapa, kwa sababu mbele ni Tezo, Ngerenya, Roka, na jua halina huruma.

Nilipita Matsangoni vizuri. Nikakaribia Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke ukaanza kuonekana kushoto. Una eneo la kilomita mraba 420 hivi, na ndani yake kuna ndovu. Mimi ndovu sikumwona, nilichoona ni tairi la nyuma limekaa chini kama chapati. Nikaweka tubu ya akiba. Kilomita nne mbele, pancha nyingine! Nikatoa solusheni, nikaminya. Imekauka. Mazee, nilikaa chini pale kando ya msitu nikahisi kama hata barabara yenyewe inaniambia nirudi.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee mmoja kwenye baiskeli ile nzito nyeusi ya chuma, isiyo na gia. Nyuma alikuwa amefunga mitungi mitatu ya mnazi kwa mipira ya tubu kuukuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watoka wapi, kijana?"

"Mombasa."

Akaitazama baiskeli yangu, akazunguka nyuma. "Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

"Kutoka Mombasa mpaka hapa, hujabeba kitu?" Alicheka, lakini si kwa ubaya. Kiukweli hakunielewa. Yeye hupita njia hii karibu kila siku, na baiskeli yake haijawahi kwenda mahali bure. Huku ukiangalia vizuri utaona baiskeli zimebeba mkaa, nazi, maji, samaki, hata mgonjwa anayepelekwa zahanati. Anayeendesha tu ndiye kituko.

Alitoa solusheni yake, akakwaruza tubu kwa jiwe, akabandika kiraka, akakalia ili kishike. Nikampa shilingi 100, akakataa. Akauliza tena, safari hii polepole: "Sasa waenda wapi na hiyo baiskeli tupu?"

"Napeleka habari kwa hawe wangu."

"Nzuri?"

Sikujibu. Akatikisa kichwa, akapanda, akaenda zake na mnazi wake.

Gede nilinunua madafu mawili, nikanywa moja baada ya jingine. Malindi nilipita saa tisa bila kusimama. Ukifika daraja la Sabaki tazama rangi ya maji: kahawia kabisa. Ndio mto ule ule unaoitwa Athi huko karibu na Nairobi, ukashuka ukaitwa Galana, na udongo wote wa njiani unamwagikia baharini hapa. Hotuba yangu nayo ilikuwa imebaki sentensi moja.

Nilifika saa kumi na moja. Hawe alikuwa nje anasuka makuti. Alinipokea kwa vigelegele, akamwita jirani aje amwone "mwalimu". Nikangoja jirani aondoke. Miguu ilikuwa inatetemeka, sijui kwa baiskeli au kwa nini.

"Hawe, chuo niliacha. Mwaka jana, mapema. Nilikudanganya."

Hakusema kitu. Alimaliza kuti alilokuwa nalo, akachukua lingine, akalisuka nalo hadi mwisho. Giza likaanza kuingia.

"Mamako anajua?"

"Anajua."

"Nyote wawili, basi." Hilo ndilo lililoniumiza kuliko matusi ambayo ningetukanwa. Akanyamaza tena. Halafu: "Unakula nini huko?"

Nikamweleza kazi yangu. Aliinuka, akaenda hadi ilipokuwa baiskeli, akaibonyeza keria kwa mikono yote miwili kama anayepima ng'ombe sokoni.

"Hii inabeba nazi ngapi?"

Leso aliipokea siku ya pili, nilipotoka kuuza nazi 30 Mambrui. Kurudi Mombasa nilipanda matatu, baiskeli ikafungwa juu. Kusi bado ulikuwa unavuma na safari hii ungekuwa usoni.