Jihadharini na Mito ya Eastlands Wakati wa Masika

Wakazi wengi wa Eastlands huvuka Mto Nairobi kila siku bila hata kuutazama. Wakati wa kiangazi mto huo ni kijito tu cha maji meusi. Lakini mvua ya masika inyeshapo, kati ya mwezi wa Machi na Mei, kijito hicho hugeuka kuwa adui, na mara nyingine adui huyo huja usiku watu wamelala.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 2024. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili mvua kubwa ilinyesha Nairobi, na katika bonde la Mathare maji yaliingia majumbani kwa ghafula. Watu walipanda juu ya mabati wakingoja kuokolewa, wengine hawakuwahi. Kufikia katikati ya Mei, watu zaidi ya 280 walikuwa wamekufa kwa mafuriko katika Kenya nzima.

SABABU ZA MAJI KUJAA UPESI

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na Kikuyu, na Mto Ngong hutoka upande wa Dagoretti. Mito hiyo, pamoja na ule wa Mathare, hupita Eastlands ikielekea Mto Athi. Kwa hiyo mvua ikinyesha sana huko juu, maji yaweza kufika Eastlands hata kama hapo halijaanguka tone.

Tena, ardhi iliyokuwa ikiyanywa maji hayo imefunikwa kwa lami, saruji na mabati. Wakazi wa Nairobi walipohesabiwa mwaka 1948 walikuwa kiasi cha 119,000. Mwaka 2019 walizidi milioni 4. Na mitaro iliyopo huzibwa na taka zitupwazo na wenyeji wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mtaro uliosafishwa mwezi wa Februari huokoa nyumba mwezi wa Aprili.

SHIDA YA WAKAAO KANDO YA MTO

Mwaka 2024 Serikali iliwaamuru wakaao karibu na mito wahame, na nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka ukingoni zilibomolewa. Waliobomolewa waliahidiwa shilingi 10,000 kila jamaa. Lakini haifai kudhani kuwa watu hukaa hapo kwa ujinga. Kodi ya chumba cha kando ya mto ni nafuu, na mfanyakazi wa kibarua aweza kwenda kwa miguu mpaka viwandani. Mtu kama huyo akiambiwa ahame, swali lake la kwanza ni: niende wapi? Mpaka swali hilo lijibiwe vema, wengi watarudi pale pale, na hapana budi wajue namna ya kujiokoa.

YAFAAYO KUFANYWA

Kwanza, majirani wapeane zamu ya kuangalia mto usiku mvua ikizidi, na wakubaliane mapema mahali palipoinuka pa kukimbilia. Vitambulisho na vyeti vya watoto viwekwe pamoja ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Pili, mtu asivuke maji yaendayo kasi. Maji yanayofika magotini yaweza kumwangusha mtu mzima, na yanayofika mapajani yaweza kuchukua motokaa. Watoto wasiachwe kucheza mtoni wala mitaroni.

Tatu, maji yakiingia nyumbani, mtu asiguse waya wala swichi. Na mafuriko yakiisha, maji ya kunywa yachemshwe, kwani kipindupindu hufuata nyuma. Mwenye kuhitaji msaada aweza kupiga simu ya Msalaba Mwekundu, namba 1199, bila malipo.

WAENDAO PWANI

Wako pia watu wa Eastlands waendao Mombasa wakati wa Pasaka. Nao wakumbuke kuwa mwezi wa Aprili upepo wa kusi huanza, na bahari huchafuka. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia, Serikali ilikataza watu kuogelea na kuvua samaki. Mgeni awaulize wavuvi kabla ya kuingia majini, na akikokotwa na mkondo asishindane nao, bali aogelee kwa upande mpaka atoke.

Maji ya Mto Nairobi yenyewe huishia huko huko baharini, kwa njia ya Athi na Sabaki, karibu na Malindi. Yakiwa mtoni au baharini, maji hayamjui mwenyeji wala mgeni. Aliyejitayarisha mapema ndiye mwenye nafasi ya kuokoka.