Shaba iliyojificha chini ya mchanga wa Kolwezi

KWA karibu karne nzima, ramani za madini za Katanga zilikuwa na mpaka ambao hakuna serikali iliyouchora. Ukanda wa shaba ulitoka Zambia, ukapita Lubumbashi, Likasi na Fungurume, kisha ukaishia Kolwezi. Magharibi ya mji huo, kuelekea Angola, ilikuwa nyika tambarare yenye mchanga, na wataalamu wengi waliihesabu kuwa haina kitu.

Leo katika nyika hiyo, kilomita 25 hivi kutoka Kolwezi, upo mgodi wa Kamoa-Kakula. Mwaka 2024 ulitoa tani 437,061 za shaba, na umo kati ya migodi mikubwa ya madini hayo duniani. Mtu anaweza kuuliza shaba yote hiyo ilipitwaje, wakati Wabelgiji, Waingereza na baadaye shirika la Serikali, Gécamines, walikuwa jirani kabisa wakichimba usiku na mchana.

Jibu ni kwamba shaba ya Katanga ilikuwa imezoeleka kuonekana kwa macho. Katika vilima vingi vya jimbo hilo, madini yaliyo juu yamegeuka malakaiti, jiwe la kijani ambalo hata mtoto analitambua. Miti haioti vizuri kwenye udongo wenye sumu ya shaba, hivyo kilima chenye madini husimama na upara katikati ya msitu, kikiwa na nyasi na maua machache yaliyozoea udongo huo.

Wenyeji walizijua dalili hizo karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kufika. Waliyeyusha malakaiti katika vinu vya udongo, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Utajiri huo ndio uliomnufaisha Msiri, mtu wa asili ya Wasumbwa wa magharibi mwa Tanzania ya sasa, aliyejenga dola yake Bunkeya na kufanya biashara na misafara ya pwani hadi alipouawa Desemba 1891. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipita akichora ramani. George Grey, akiwa na msafara wa kampuni ya Tanganyika Concessions iliyoanzishwa mwaka 1899, alikuta mashimo ya zamani kila alipokwenda. Wanaitwa wagunduzi katika vitabu, ingawa sehemu kubwa ya walichokigundua walionyeshwa. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ya kiwandani ikayeyushwa Lubumbashi.

Kutokana na mafanikio hayo likazaliwa somo lililofundishwa kizazi baada ya kizazi: tafuta miamba ya kundi liitwalo Roan, hasa ile tabaka yenye chokaa na udongo mgumu iliyobeba madini ya Kolwezi, Kambove na Fungurume. Pasipo na miamba hiyo, usipoteze fedha. Magharibi ya Kolwezi tabaka hiyo haikuwepo, na kilichokuwepo kilikuwa kimefunikwa na mchanga wa Kalahari.

Kampuni ya Ivanhoe ya Canada ilipata leseni katika eneo hilo miaka ya 1990, na kazi ya uwanjani ikashika kasi katikati ya miaka ya 2000. Wataalamu wake hawakuwa na kilima cha kijani cha kukifuata. Walikusanya sampuli za udongo na za mashapo ya vijito, wakapima ardhi kwa ndege, kisha wakaanza kuchoronga. Kufikia mwaka 2008 mashine zilikuwa zikitoa vipande vya mwamba vyenye shaba nyingi kutoka mahali ambapo kitabu kilisema haipo.

Mwamba wenyewe una historia ya kushangaza. Takriban miaka milioni 700 iliyopita, dunia ikiwa katika kipindi cha baridi kali, barafu iliburuta mawe na tope na kuyamwaga katika bonde la bahari lililokuwa hapo. Tope hilo lilijaa madini ya chuma na salfa, yale yang'aayo yanayowadanganya watu kuwa ni dhahabu. Chini yake kulikuwa na mchanga mwekundu. Maji ya chumvi yaliyopita katika mchanga huo yaliokota shaba kidogo kidogo, yakapanda, na yalipokutana na ile salfa yakaiacha shaba hapo hapo, kama chai inavyoacha masimbi chini ya kikombe. Mashapo ya barafu yalijulikana tangu zamani, ila hayakutiliwa maanani kuwa yanaweza kubeba mali.

Salfa hiyo hiyo ndiyo iliyoficha siri. Karibu na uso wa ardhi ilioza ikawa tindikali, na tindikali ikaisafisha shaba yote ya juu. Hapakubaki malakaiti wala kilima chenye upara.

Kakula, sehemu tajiri zaidi, ilipatikana mwaka 2016, na uzalishaji ukaanza Mei 2021. Mbale ya mwanzo ilikuwa na shaba zaidi ya asilimia 5, wakati migodi mingi mikubwa duniani huchimba mbale isiyofika asilimia 1. Ivanhoe na Zijin ya China kila moja ina asilimia 39.6, Serikali ya Kongo asilimia 20.

Hapo ndipo penye mgawanyiko ambao hauzungumzwi sana. Shaba ya kijani iliweza kufikiwa na mwenye sururu, na hadi leo maelfu ya wachimbaji wadogo wa Kolwezi wanaishi kwa mawe ya juu. Shaba ya Kakula iko chini sana, na mwenye mashine na mtaji pekee ndiye anayeifikia. Hata yeye hana uhakika: Mei 2025 mitetemo ndani ya mgodi ililazimisha wafanyakazi waondolewe, maji yakajaa, na lengo la mwaka la tani 520,000 hadi 580,000 likashushwa kuwa kati ya 370,000 na 420,000.

Kwa majirani, swali ni mzigo utapita wapi. Malori ya Kolwezi yamekuwa yakielekea Dar es Salaam na Durban. Desemba 2023 shehena ya majaribio kutoka Kamoa-Kakula ilifika bandari ya Lobito, Angola, kwa reli. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mgodi wake mkubwa uko upande wa Atlantiki.

Na mashine za kuchoronga zimezidi kusogea huko huko. Katika leseni zilizo magharibi zaidi, Ivanhoe imeshapata shaba nyingine mahali paitwapo Makoko, chini ya mchanga uleule.