Je, Wajua? Fimbo Mbili za Kupandia Longonot

Je, wajua kwamba fimbo mbili za mlimani huipa mikono sehemu ya kazi ambayo mapaja yangeibeba peke yake? Kilele cha Mlima Longonot, katika kaunti ya Nakuru, kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, na njia ya kuuzunguka ukingo wa kreta yake ni kilomita 7 hivi za kupanda na kushuka. Hapo ndipo fimbo hulipa gharama yake.

Dada unayeanza, vaa viatu vyako vya kukimbilia, simama wima, ncha ya fimbo iguse chini karibu na mguu. Kiwiko kikikunjika digrii 90, urefu unakufaa. Mwenye kimo cha sentimita 160 mara nyingi hutosheka na fimbo ya sentimita 110 hivi. Ushike mpini kabla ya kulipa: mpini mnene huchosha kiganja kidogo.

Fimbo ya kaboni ni nyepesi, lakini ikibanwa kati ya mawe huvunjika. Alumini huenda ikapinda tu, nayo ni ya bei nafuu. Mimi ningeanza na alumini.

Ingiza mkono kwenye ukanda wa fimbo kutoka chini kwenda juu, kisha shika ukanda pamoja na mpini; utasukuma bila kukaza vidole. Kwenye mteremko wenye vumbi la majivu ya volkeno, ambalo huteleza sana wakati wa kiangazi, tanguliza fimbo mbele kidogo ya miguu. Ukifika tambarare, zikunje, ncha zisimchome anayekufuata.