Kijana anayeitwa JKT hahitaji kadi ya kuitwa jeshini

Na Mwandishi Wetu, Babati

KILA mwaka wanafunzi wa kidato cha sita wanapomaliza mitihani yao, familia nyingi mjini Babati husubiri tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Katika kusubiri huko huzuka swali: je, kijana aliyeitwa kwa mujibu wa sheria analazimika kutembea na kitambulisho cha kuitwa jeshini, na akikosa atakamatwa njiani?

Jibu ni kwamba kabla ya kuripoti hapewi kadi ya namna hiyo. Hutambua kuwa ameitwa kwa kuona jina lake katika orodha ambayo JKT huitoa kwenye tovuti yake, ikiwa imepangwa kwa shule na kambi.

Wazo la kadi limetoka mbali. Nchini Marekani, wakati wa vita vya Vietnam, mwanamume aliyeandikishwa alitakiwa kuwa na kadi yake wakati wote. Mwaka 1965 Bunge la huko lilifanya kuiharibu kwa makusudi kuwa kosa la jinai, adhabu yake ikiwa kifungo cha hadi miaka mitano.

Hapa nchini mvutano ulikuwa wa aina nyingine. JKT ilianzishwa Julai 10, 1963. Wasomi walipolazimishwa kuitumikia, wanafunzi waliandamana Dar es Salaam Oktoba 22, 1966, na Mwalimu Julius Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Walilalamikia makato ya mishahara na masharti ya utumishi, kadi haikuwamo. Mafunzo hayo yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa 2013.

Kinachoweza kumkwamisha kijana wa Babati ni maandalizi. Anaweza kupangiwa Oljoro, mkoani Arusha, ambako si mbali, au Bulombora, Kigoma, na nauli ya kwenda na kurudi ni juu yake. Matangazo ya JKT humtaka pia awe na bukta ya bluu iliyokolea inayofika magotini, isiyo na zipu, pamoja na raba, shuka na nguo za kuzuia baridi. Kwa mzazi anayetegemea mavuno ya mahindi, mzigo huo si mdogo. Wenye ulemavu wa viungo hupelekwa Ruvu, mkoani Pwani, yenye miundombinu ya kuwahudumia.

Atakayeombwa fedha na mtu anayedai kumtafutia kadi au nafasi ajue anatapeliwa. JKT imeonya mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi.