Neema katika Desturi za Walokole

Makanisa ya Kikristo hufundisha, tangu zama za nyaraka za Mtume Paulo, ya kwamba neema ni hidaya ya Mungu kwa mtu asiyestahili, wala hainunuliwi kwa sadaka, wala haipatikani kwa ujira wa matendo mema. Lakini katika Afrika Mashariki walitokea watu walioitwaa itikadi hiyo wakaifanya desturi ya kila siku, ya barazani na ya mezani, nao ndio Walokole, yaani waliookoka.

Asili yao aghalabu huhesabiwa tangu Septemba 1929, hapo Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, tabibu Mwingereza, walipokutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Na uamsho uliotokana na mkutano huo, ambao makao yake ya kwanza yalikuwa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, ukaenea katika miaka ya 1930 hata Kigezi, Buhaya na Kenya.

Desturi yao kubwa ni kukutana kila juma, mara nyingi nyumbani kwa mmoja wao, pasipo kumngoja kasisi. Mtu husimama akaitaja dhambi yake waziwazi, bila ya mafumbo: kwamba alimpiga mkewe, au alipunja mizani dukani, au alimhusudu mwenzake aliyepandishwa cheo, na akiisha kusema, ndugu humwitikia kwa wimbo wa Tukutendereza, unaoimbwa kwa Kiganda hata na wasiokijua Kiganda, kisha humkumbatia. Mgeni aweza kudhani kwamba hiyo ni fedheha, ilhali kwao ni faraja, kwa maana mtu aliyekwisha kusamehewa bure hana tena jaha ya kuilinda kwa uwongo.

Wala toba hiyo haikukomea kinywani. Aliyeiba mbuzi alimrudisha, ama alilipa thamani yake. Aliyekwepa kodi alikwenda mwenyewe kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, akakiri, hata wasioamini wakastaajabu. Malipo hayo hayakuwa bei ya msamaha. Yalikuwa shukrani ya mtu aliyekwisha kuupata.

Lakini jambo lililowashtua jirani zao kupita yote lilikuwa la chakula. Katika Buganda, kwa mila za kale, mwanamke hakula kuku wala mayai, ingawa ni yeye aliyempika yule kuku katika jani la mgomba, akamwandalia mumewe na kurudi kuketi kando. Mlokole alimwita mkewe, wakaketi pamoja, naye akammegea kwa mkono wake mwenyewe. Na wazee walipolalamika kwamba mila imevunjwa, jawabu lake lilikuwa kwamba, maadamu mume na mke wamesimama sawasawa mbele ya msalaba, hawawezi kutengana mbele ya kitoweo.

Usawa huo wa watu wote mbele ya msalaba ulijaribiwa sana Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, hapo Walokole wengi wa Kikuyu walipokataa kiapo cha Mau Mau, waliopigana na serikali ya kikoloni, na wengi wao wakakataa vilevile kuchukua silaha upande wa serikali, wakisema kwamba hawawezi kumwaga damu ya mtu ambaye Kristo alimfia. Na baadhi yao waliuawa kwa ajili ya msimamo huo.

Hata hivyo, kila desturi ina hatari yake. Walitokea baadaye miongoni mwao, hasa Uganda, waliokataza hata kukopa fedha, na kuyachunguza mavazi ya wenzao. Na penginepo asiyekuwa na dhambi mpya ya kuungama alidhaniwa kuwa amepoa. Hapo hidaya iligeuzwa kuwa deni, na watu wakarejea kuhesabiana ujira ule ule waliokwisha kuukana.

Basi msomaji akitaka kujua kama neema ingalipo katika ushirika wowote, asiulize watu wake wameacha mangapi, bali aulize yule aliyeanguka jana hupokewaje leo.