Utando unaoilinda sufuria

Magwagwa ikitajwa nje ya Nyamira, wengi hukumbuka bwawa lililopangwa kujengwa kwenye mto Sondu. Mimi navutiwa zaidi na sufuria za alumini zinazoanikwa uani zikiwa zimesuguliwa kwa majivu na waya hadi zikang'aa. Mng'ao huo unapendeza macho, lakini kikemia sufuria imevuliwa nguo.

Alumini hupenda mno kuungana na oksijeni. Ingekuwa wazi, hata maji matupu yangeila. Inanusurika kwa sababu, papo hapo ikutanapo na hewa, hujifunika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita 2 hadi 4. Unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Utando huo haupitishi elektroni kwa urahisi, na elektroni zisipopita, mmenyuko wa kielektrokemia hauendelei.

Hata hivyo hakuna utando usio na kasoro. Pengine atomu ya oksijeni haipo mahali pake, pengine ya metali. Mwaka 1981 Digby Macdonald na wenzake walieleza kwamba nafasi tupu kama hizo husafiri ndani ya oksidi. Zile za metali huzaliwa upande wa maji, zikashuka kuelekea metali. Zikifika kwa kasi kuliko zinavyozibwa, hurundikana chini ya utando mpaka ukakosa pa kujishikiza, ukapasuka. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huharakisha jambo hilo.

Kuna mahali nafasi tupu zinatafutwa kwa makusudi. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walionyesha kuwa oksidi ya titani ikimulikwa ndani ya maji inaweza kuyatenganisha yakawa oksijeni na haidrojeni. Oksidi hiyo ikiwa kamilifu hupitisha umeme vibaya sana. Basi huondolewa oksijeni kidogo kwa joto. Kila atomu inayotoka huacha elektroni 2, na mkondo ukapata njia. Zikitolewa nyingi kupita kiasi, chaji hunaswa humo humo kabla hazijafanya kazi.

Turudi jikoni, ambako kasoro kubwa zaidi hutoka kwa fundi. Sufuria nyingi za jua kali huundwa kwa alumini chakavu, vipande vya injini vikiwemo, na chuma huingia humo. Alumini ikiganda, chuma hujitenga kuwa chembe ndogo ambazo juu yake utando ni dhaifu na hupitisha elektroni. Hapo oksijeni iliyomo majini huzipokea elektroni zinazotolewa na alumini ya jirani, ambayo inalika. Maji yanayoizunguka chembe hugeuka alkali, na oksidi ya alumini haivumilii alkali kali, kama isivyovumilia asidi kali.

Sasa laza ndani ya sufuria hiyo mboga ya chinsaga iliyotiwa chumvi. Kloridi hupenya palipo dhaifu na kishimo kikaanza. Ndani yake ioni za alumini hukutana na maji zikazaa asidi, asidi ikazuia utando usijirudie, na kloridi nyingine zikavutwa ndani. Ndiyo maana sufuria hutoboka kitundu kimoja huku pande zake zingali imara. Magadi ya kulainishia maharagwe hayana haja ya kitundu: huyeyusha utando popote yanapougusa. Majivu nayo ni ya alkali, kwa hiyo anayesugua nayo anakwangua na kuyeyusha kwa mkupuo mmoja.

Ule weusi wa ndani unaobaki baada ya kuchemsha maji mara nyingi, ambao wenye nyumba huuonea haya, ni oksidi iliyonenepeshwa na maji ya moto. Ningeuacha. (Masizi ya nje sugueni mpendavyo.) Mboga yenye chumvi, au iliyopikwa kwa nyanya nyingi, ihamishiwe kwenye bakuli la udongo au la plastiki kabla ya kulala.

Na fundi naye ang'oe bolti na skrubu za chuma kabla ya kuwasha tanuru, kwani chuma kikishayeyukia kwenye alumini ya moto, kukitoa ni kazi asiyoiweza kwa vifaa vya kibanda chake.