Filamu ya Goma na Mtazamaji Wake: Nafasi ya Lugha katika Usambazaji

1. Utangulizi

Mwaka 2017, filamu yenye jina la Kiswahili, Makala, ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes, Ufaransa. Mwongozaji wake, Emmanuel Gras, ni Mfaransa. Wahusika wake ni watu wa Katanga, na lugha wanayoizungumza ni Kiswahili. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au wa Mombasa akilisoma jina hilo peke yake, yamkini atadhani kwamba filamu inahusu andiko la gazetini au la jarida kama hili alisomalo msomaji wetu. Msemaji wa Kiswahili cha Kongo hahitaji maelezo: kwake makala ni makaa, na filamu inamfuata mtu anayekata mti, anayeuchoma, kisha anayesukuma magunia ya mkaa juu ya baiskeli kwa makumi ya kilomita hadi Kolwezi.

Mtazamaji wa Paris aliisoma tafsiri chini ya picha, akaelewa. Mswahili wa pwani akiitazama filamu hiyo hiyo, inayozungumza lugha aiitayo yake, huenda akakwama kwenye jina tu kabla picha haijaanza. Hapo ndipo penye mada yetu. Watengenezaji filamu wa kujitegemea wa Goma husikika mara nyingi wakilalamika kwamba wana kamera, wana hadithi, lakini hawana watazamaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika zama hizi ambazo filamu yaweza kuvuka mpaka ndani ya simu, kikwazo kimojawapo kikubwa cha usambazaji ni cha lugha, na kwamba idara za Kiswahili zina kazi ya kufanya katika jambo hilo.

2. Mwelezaji: mtu wa kati wa tangu zamani

Wazo kwamba filamu humfikia mtazamaji kwa kupitia mtu wa kati anayeijua lugha yake si geni katika nchi yetu. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, mapadre walitengeneza filamu kwa ajili ya Wakongo: Padre Albert Van Haelst katika Kasai, aliyetoa vichekesho vya Matamata na Pilipili, Padre Roger De Vloo huku Bukavu. Filamu za aina hiyo zilionyeshwa pamoja na mwelezaji aliyesimama kando ya pazia na kuifafanua picha kwa lugha ya mahali. Madhumuni ya kazi hiyo yalikuwa ya kikoloni na kimisheni, wala hatuna haja ya kuyasifu. Hata hivyo waonyeshaji hao walilielewa jambo moja: picha isiyo na sauti ya mwenyeji haifiki.

Baada ya uhuru, kazi hiyo ilichukuliwa na wananchi wenyewe. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alizieleza kwa Kiswahili sinema za kigeni, zikiwemo za Nigeria na za Marekani. Hakutafsiri neno kwa neno. Alisimulia, alitania, na aliongeza maelezo ambayo mtazamaji wake aliyahitaji. Nchini Kenya, DJ Afro amepata umaarufu kwa kazi kama hiyo. Nchini Uganda wasimulizi hao huitwa VJ, na vibanda vya video vya Kampala haviwezi kuelezwa bila kuwataja.

Mfano wa Uganda una funzo la pekee. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, alitengeneza filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo mno. Filamu za kampuni yake ziliuzwa kwa mkono, nyumba hadi nyumba, katika santuri za DVD. Kisha filamu hiyo ikawekwa kwenye YouTube ikiwa na usimulizi wa Kiingereza wa VJ Emmie, na ikatazamwa na mamilioni ya watu walio mbali kabisa na Wakaliga. Wengi wao walivutiwa na sauti ya msimulizi sawasawa na walivyovutiwa na picha zenyewe. Mtu wa kati wa kibandani aligeuka kuwa daraja la kuufikia ulimwengu.

3. Njia tatu za usambazaji

Ili tuweze kulipima suala la lugha, ni lazima kwanza tuzieleze njia ambazo filamu ya kujitegemea huzipitia leo.

3.1 Tamasha na wakala wa mauzo

Njia ya kwanza ndiyo yenye heshima kubwa zaidi. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliipitia. Filamu yake Maman Colonelle, inayomfuata afisa wa polisi anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, ilionyeshwa Berlin mwaka 2017. Na En route pour le milliard, kuhusu waliojeruhiwa katika Vita vya Siku Sita vya Kisangani vya Juni 2000, iliingia katika orodha rasmi ya Cannes ya mwaka 2020.

Utaratibu wa njia hii una masharti ambayo mwongozaji kijana hana budi kuyajua. Tamasha kubwa hutaka filamu ambayo haijaonyeshwa kwingine. Kwa hiyo anayeiweka filamu yake kwenye intaneti siku ileile anapoimaliza huufunga mlango huo kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya tamasha huja wakala wa mauzo, ambaye hupewa haki za filamu ili aziuze nchi baada ya nchi kwa vituo vya televisheni na wasambazaji, naye hujilipa kamisheni na gharama zake kabla mwongozaji hajapata chochote. Mkataba ukisema haki za dunia nzima bila kubagua, mwongozaji aweza kujikuta analazimika kuomba ruhusa ili aionyeshe filamu yake katika mtaa alimoipigia picha. Busara ni kudai, kabla ya kutia saini, kwamba maonyesho yasiyo ya biashara nyumbani pamoja na toleo la Kiswahili yabaki mikononi mwake.

3.2 Majukwaa ya intaneti

Njia ya pili huonekana kuwa wazi kwa kila mtu. Lakini kuiweka filamu kwenye YouTube ni jambo moja, na kulipwa ni jambo jingine. Mwaka 2018 jukwaa hilo lilidai kwamba anayetaka kugawiwa mapato ya matangazo awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Isitoshe, thamani ya tangazo hutegemea mahali alipo mtazamaji: dakika moja ya mtazamaji wa Brussels huingiza zaidi ya dakika moja ya mtazamaji wa Goma. Majukwaa ya kulipia nayo huchagua: Binti, filamu ya Kitanzania ya Seko Shamte ya mwaka 2021, ilifika Netflix, lakini filamu za namna hiyo ni chache zikilinganishwa na zinazotengenezwa.

3.3 Kutoka mkono hadi mkono

Njia ya tatu haiandikwi sana katika vitabu, ingawa ndiyo inayotumiwa na walio wengi: kadi ya kumbukumbu inayojazwa dukani, simu inayopokea faili kutoka simu nyingine, na ukumbi mdogo wa video mtaani. Kwa njia hiyo filamu za Kitanzania za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zilijulikana katika eneo la Maziwa Makuu. Mwenye filamu mara nyingi hapati kitu hapo, kwa maana nakala hutolewa bila idhini yake. Lakini haifai kuidharau, kwa sababu mtazamaji wetu yuko huko. Kinachohitajika ni mwongozaji mwenyewe kuwa wa kwanza kuitoa nakala nzuri, yenye jina lake, namba ya kumlipia kwa simu, na lugha inayoeleweka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Filamu ya dakika 90 ina sekunde 5,400. Ikibanwa hadi kilobiti 500 kwa sekunde, faili lake litakuwa na megabaiti 340 hivi, nalo litatosha kwa kioo cha simu. Faili la maandishi ya tafsiri huwa na makumi ya kilobaiti tu. Kwa maneno mengine, sehemu iliyo nyepesi kuliko zote kuisafirisha ndiyo inayoamua kama filamu itaeleweka au haitaeleweka.

4. Kiswahili kipi?

Mjini Goma filamu nyingi hutafsiriwa kwa Kifaransa au Kiingereza peke yake. Sababu yaeleweka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati kituo cha Yole!Africa cha Petna Ndaliko Katondolo kilipoanza kuwafunza vijana wa mji huu sanaa ya filamu, waongozaji wetu wamefanya kazi wakiwa wamezungukwa na mashirika ya misaada yanayoagiza na kulipia filamu. Mtazamaji wa kwanza wa filamu ya namna hiyo ni yule aliyeilipia, naye hasomi Kiswahili. Kidogo kidogo mwongozaji huzoea kuwaeleza wageni habari za mtaa wake, na mtaa wenyewe hubaki nje ya mazungumzo.

Ilhali upande wa mashariki kuna hadhira pana. UNESCO, ambayo mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hukadiria kwamba wasemaji wa lugha hii ni zaidi ya milioni 200. Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Je, filamu ya Goma yaweza kutazamwa Mwanza au Kisumu jinsi ilivyo? Jibu letu ni kwamba yaweza, lakini kwa msaada.

Kiswahili cha Kivu kina sarufi yake. Tunasema batu na bintu pale ambapo Kiswahili sanifu kina watu na vitu. Tunasema tutoto kwa vitoto. Na kiambishi -ak- huonyesha mazoea, hivi kwamba anakulaka ni sawa na hula. Msamiati nao umekopa kutoka Kifaransa: leta ni serikali, lopitali ni hospitali. Mtu wa Mwanza atayazoea matamshi baada ya dakika kumi. Lakini maneno kama leta na makala yatampoteza, na kupotea katika neno moja la msingi kwaweza kukupotezea onyesho zima.

Hapa panazuka swali ambalo tulilikabili darasani tulipowapa wanafunzi filamu fupi ya kijana mmoja wa mji huu waiandikie tafsiri. Kundi moja liliandika kila kitu kwa Kiswahili sanifu. Kundi la pili lilikataa, likidai kwamba kumwandikia mama wa sokoni watu wakati kinywa chake kinasema batu ni kumsahihisha mbele ya wageni. Hoja ya kundi la pili ina uzito: mtazamaji anayesikia neno moja na kusoma jingine katika lugha ileile huhisi kwamba msemaji anafundishwa. Tulikubaliana juu ya kanuni ya kati: sarufi ya msemaji iachwe ilivyo pale inapoeleweka kwa urahisi, na maandishi yawekwe pale tu neno linapoweza kupoteza maana. Makala itaandikwa mkaa. Batu haihitaji kuandikwa.

Kuna pia tatizo la kiufundi linalotokana na maumbile ya lugha yetu. Kwa desturi maandishi hayazidi mistari miwili ya herufi 40 hivi, yakibaki kiooni kwa sekunde zisizozidi sita. Kiswahili hubana maana nyingi katika neno moja: nisingalimwambia lina herufi 16, ambapo Kifaransa, je ne lui aurais pas dit, huhitaji nafasi 24. Kwa jumla tunapata nafasi; lakini neno refu halikatiki mwishoni mwa mstari, na jicho huhitaji muda kulichambua. Mwandishi wa tafsiri hana budi kuchagua sentensi fupi zenye vitenzi vyepesi, na kuziacha nyakati zenye viambishi vingi kwa ajili ya riwaya.

5. Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili ziifanye tafsiri ya filamu kuwa zoezi la kawaida la wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ili kila filamu ya kujitegemea ya hapa itoke na toleo moja la maandishi ya Kiswahili bila gharama kwa mwongozaji. Pili, iandaliwe orodha ya maneno ya Kiswahili cha Kivu ambayo humkwaza msikilizaji wa pwani. Orodha hiyo itawafaa pia wafundishaji na watunga kamusi. Tatu, usimulizi wa sauti usidharauliwe. Kuna watazamaji wetu wasioweza kusoma, na kwao msimulizi aliye hodari atafaa kuliko maandishi yoyote.

6. Hitimisho

Mnamo Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23. Uwanja wa ndege ulifungwa, na benki zikafunga milango. Wapo waongozaji walioondoka na wapo waliobaki. Katika hali ya namna hiyo kuzungumzia usambazaji wa filamu kwaweza kuonekana kuwa anasa. Sisi hatuoni hivyo. Habari za mji huu zimesimuliwa sana na wapitaji, kwa lugha za wapitaji. Faili la megabaiti 340 hupita mahali ambapo mwenye filamu hawezi kupita, nalo likifika Kigoma au Nairobi likiwa na Kiswahili kinachoeleweka, atakayelipokea atatusikia kama jirani anavyomsikia jirani. Kazi ya kuliandaa haihitaji fedha za mfadhili. Yahitaji watu wanaoijua lugha, nao wamo katika madarasa yetu.